Wapi Nairobi ninaweza kucheka nikiwa na mama yangu na binti yangu?

Mama wa Umoja:

Hamjambo wenzangu. Nina swali, ila mnivumilie nieleze kwanza yaliyonikuta.

Mama yangu alikuja kutoka Vihiga mwezi wa nane kupimwa macho. Ana miaka 71. Alipomalizana na daktari nikawaza: huyu aliyenisomesha kwa kuuza mboga sokoni Mbale hajawahi kuketi ukumbini akachekeshwa hata siku moja. Nikaona tangazo la shoo ya vichekesho, Jumapili alasiri, limeandikwa "familia nzima karibuni". Nikanunua tiketi tatu, shilingi 1,000 kila moja: yangu, ya mama, na ya binti yangu wa miaka 11. Mama akavaa kitenge chake cha kanisani.

Wawili wa kwanza walikuwa wazuri. Mmoja aliigiza makanga anayekuahidi chenji kuanzia Umoja hadi mjini, mama akacheka huku akinipigapiga gotini. Wa tatu akashika kipaza sauti, na neno lake la kwanza likawa la chumbani. La pili pia. Halafu akaanza kuonyesha kwa kiuno. Sikuthubutu kumtazama mama. Nilisikia tu kifuko cha miwani yake kikifunguka na kufungwa, kikifunguka na kufungwa.

Kwetu mjukuu na nyanya yake hutaniana watakavyo. Lakini mzazi na mtoto wake hawaketi pamoja kusikiliza mambo kama hayo, na mimi nilikuwa katikati, mzazi kulia, mtoto kushoto. Tukainuka tukatoka. Ndani ya matatu binti akauliza kwa sauti, "Mama, kwani yule mwanamke wa ile hadithi alikuwa anafanya nini?" Gari zima likanyamaza. Nyanya yake ndiye aliyemjibu: "Alikuwa anakosa adabu, mjukuu wangu. Chungulia dirishani uone magari."

Mama anarudi Desemba. Nataka acheke mpaka mwisho safari hii. Niwapeleke wapi? Na mtu anajuaje mapema, maana tangazo nililisoma vizuri?

Mzee wa Kaloleni:

Pole sana binti yangu. Hicho kifuko cha miwani nimekisikia kutoka hapa nilipo.

Sisi tulikuwa na mchezo wa kuchekesha wa Vitimbi kwenye runinga ya taifa, KBC. Benson Wanjau akiwa Mzee Ojwang, Mary Khavere akiwa mkewe, Mama Kayai. Mtaani kwetu runinga zilikuwa chache, kwa hiyo sebule moja ilijaa watoto, majirani, na siku nyingine mama mkwe wangu kwenye kiti cha pembeni. Ojwang akidanganya, sote tulijua Mama Kayai anakuja, na tulianza kucheka kabla mlango haujafunguka. Na Vioja Mahakamani vivyo hivyo, mshtakiwa anajieleza mpaka anajifunga mwenyewe. Sikumbuki hata mara moja nikiinuka kuzima runinga kwa sababu mkwe yupo. Wanjau alipofariki Julai 2015, mke wangu alilia kama aliyefiwa na shemeji.

Runinga angalau ina saa zake: kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku vituo havitakiwi kuonyesha mambo ya watu wazima. Filamu nazo hupewa alama na bodi ya uainishaji, ya watu wote, ya kuongozwa na mzazi, ya miaka 16 na ya 18. Lakini mtu akishashika kipaza sauti mbele yako, alama utaiweka wapi? Linabaki neno la mwenye shoo.

Mwalimu wa Kawangware:

Dada, pole. Naunga mkono, lakini nina langu. Tukisema vichekesho safi tunafikiria chumbani peke yake. Mimi nina mwanafunzi aliyehamia kwetu kutoka Turkana. Wenzake walimwiga lafudhi kwa maneno waliyoyaokota kwenye video ya mchekeshaji, video ambayo haina tusi hata moja. Muhula mzima mtoto huyo hakuinua mkono darasani. Kwangu mimi huo pia ni uchafu.

Najua Mzee ataniambia Wanjau mwenyewe aliigiza lafudhi ya Kijaluo na hakuwa Mjaluo. Ni kweli. Ila Ojwang alikuwa mtu kamili, mwenye mke, madeni na maringo yake. Tulicheka ujanja wake. Leo mtu anapanda jukwaani, anataja kabila, anageuza ulimi, basi amemaliza kazi.

Wala sisemi watu wachekeshe kwa woga. Wachekeshaji wa kundi la Redykyulass walimwiga Rais Moi akiwa bado madarakani, na walihitaji ujasiri kuliko huyo wa kuonyesha kiuno.

Emsii wa harusi:

Niseme kama mtu wa kazi hii, miaka tisa sasa kwenye harusi, ruracio (sherehe za mahari za Wakikuyu) na sherehe za kampuni. Zamani mteja akipiga simu swali la kwanza lilikuwa bei. Siku hizi wengi huanza na, "Utasema nini mbele ya wazee?" Makanisa, shule na kampuni zinazofanya siku ya familia zinauliza vivyo hivyo. Mahitaji yapo, na yanalipa.

Kazi yenyewe ni ngumu zaidi. Neno la chumbani huchekesha kwa mshtuko, halihitaji kuandikwa. Kichekesho cha kumfikia nyanya na mjukuu kwa pamoja unakitafuta. Mimi hufika saa nzima mapema na kusimama karibu na chakula. Hapo ndipo nilipompata shangazi wa kubeba nyama. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku 2017, alianza kuja na kopo la siagi ndani ya pochi, na kila akilifunga linatoa mlio, *tap*. Nikisema tu *tap*, ukumbi mzima unamtafuta shangazi wao.

Dada, jibu lako: usiulize kama ni shoo ya familia. Uliza majina ya wote watakaopanda, hata wale wa dakika tano, kisha tazama video zao mwenyewe. Mchekeshaji Njugush na mkewe Celestine Ndinda wanaigiza mambo ya ndoa, na nyingi nilizotazama ningeziweka sebuleni kwa mama yangu. Angalia pia michezo ya jukwaani. Kila mwigizaji ameshika maneno yake, kwa hiyo ukiitazama leo, kesho utaikuta karibu ile ile.

Mama wa Umoja:

Asanteni sana nyote. Mwalimu, umenifanya nimuulize binti yangu anachocheka na wenzake shuleni, na tumezungumza mpaka chakula kikapoa.

Emsii, nimemsomea mama habari ya kopo la siagi kwa simu. Amecheka, halafu akanitajia shangazi yangu kwa jina.

Nimeuliza kuhusu mchezo mmoja wa jukwaani wa Desemba, una awamu ya Ijumaa jioni na ya Jumamosi alasiri. Ijumaa nitaenda peke yangu nikausikilize wote. Ukiwa sawa, Jumamosi ninarudi nao.