Uzi: Fedha za msimu ni za jambo moja tu. Tuziweke kwenye gari au kwa dereva?

Vumbi254 (mwanzisha uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri wa watu wanaoujua mchezo huu kwa undani.

Kikosi chetu kinajiandaa kwa msimu wa mbio za magari za kitaifa hapa Kenya. Gari ni Subaru Impreza ya Kundi N (magari yaliyo karibu na yale ya kawaida ya dukani), lita 2, giaboksi ya gia tano, restrikta (kibanio cha hewa inayoingia kwenye turbo) ya milimita 32. Dereva ana misimu miwili. Dhidi ya Impreza inayoongoza kundi letu tunapoteza wastani wa sekunde 1.8 kwa kila kilomita.

Fedha zinatosha jambo moja kubwa: kujenga injini upya, kununua shokapu mpya nne, au kumlipia dereva na mwelekezi wake (anayekaa kando yake akimsomea barabara) mafunzo na siku za mazoezi. Dereva anasema gari halina nguvu. Fundi anasema dereva anaachia mafuta mapema. Tutajuaje nani yuko sahihi?

MlingotiWaKwanza
Gari, mkuu. Tazama Langalanga (Formula 1). Mwaka 2008 Jenson Button alikuwa na Honda isiyokwenda popote. Mwaka 2009 timu ileile, ikiitwa Brawn, ikaja na gari zuri, naye akashinda mbio 6 kati ya 7 za kwanza na kutwaa ubingwa. Button ni yuleyule. Au George Russell mwaka 2020: hakuwa amepata pointi hata moja akiwa Williams, kisha kwa wikendi moja akakalia Mercedes ya Hamilton pale Bahrain, akaanza nafasi ya pili na kuongoza mbio. Lililomwangusha ni mkanganyiko wa matairi kwenye kituo na pancha.

Kona_Sita
@MlingotiWaKwanza mifano yako ni ya kweli, lakini uangalie na upande wa pili. Mwaka 2024 Red Bull walikuwa na gari moja na madereva wawili. Verstappen alishinda mbio 9 na ubingwa. Pérez hakushinda hata moja, akamaliza wa 8 kwenye msimamo. Gari linaamua uko kwenye kundi gani la kasi, halafu dereva anaamua unakaa wapi ndani ya kundi hilo.

Kwenye rali kuna jambo la tatu, nalo ni gari kufika mwisho. Safari Rally ya 2022 na ya 2023, Toyota ilichukua nafasi ya kwanza hadi ya nne, miaka miwili mfululizo, kwa madereva walewale wanne: Rovanperä, Ogier, Evans na Katsuta. Wanne hao hawana kasi sawa. Mwaka 2022 madereva wakali Neuville na Tänak walikuwa Hyundai, na hakuna aliyeingia nne bora. Mawe na vumbi la Naivasha havichagui jina la dereva.

Lakini Vumbi254 anashindana na Impreza nyingine ya kundi lake, kwa hiyo swali lake ni jepesi kuliko la Langalanga. Hilo linapimika.

FundiWaShokapu
Naam, lipimeni. Tafuteni kipande cha barabara ya changarawe cha kilomita 3 chenye ruhusa na kilichofungwa pande zote mbili. Kiwe na sehemu iliyonyooka, kona za kasi na sehemu yenye mashimo. Dereva akipite mara sita, matairi yaleyale, upepo wa matairi ule ule (upimeni matairi yakiwa moto, si asubuhi yakiwa baridi). Gaweni kipande sehemu tatu na mpime saa ya kila sehemu peke yake. Saa ya jumla haiwaambii kitu.

Mizunguko miwili ya kwanza msiihesabu, dereva bado anajifunza barabara. Katika ile minne iliyobaki, saa zikipishana zaidi ya asilimia 1, yaani kama sekunde 1.5 kwenye kipande cha sekunde 150, tatizo kubwa ni dereva. Hakuna kifaa kinachotibu hilo. Msinunue chochote.

Saa zikiwa karibu sana lakini bado mko nyuma ya wenzenu, angalieni mnapoteza wapi. Mkipoteza kwenye sehemu iliyonyooka, ni injini au uwiano wa gia. Mkipoteza kwenye mashimo, ni shokapu. Mkipoteza kwenye kona za kasi tu, rudini kwa dereva na noti (maelezo ya kona ambayo mwelekezi humsomea).

Kuhusu injini, niseme wazi: msianze nayo. Restrikta inabana hewa inayoingia kwenye turbo, na bila hewa ya ziada huwezi kuchoma mafuta ya ziada. Injini mpya nyuma ya restrikta ileile itakupa nguvu kidogo tu zaidi ya injini nzima iliyotunzwa. Pimeni kwanza mgandamizo wa silinda zote nne; zikipishana zaidi ya asilimia 10, hapo kweli ifunguliwe. Halafu pitisheni moshi kwenye mabomba ya hewa kati ya turbo, intakula (kipoza hewa) na injini, muone panapovuja. Mara nyingi gari "lisilo na nguvu" ni klampu moja iliyolegea, au filta ya hewa iliyojaa vumbi baada ya mikondo miwili (vipande vya rali vinavyopimwa saa).

Dada_Noti
Niongezee la noti, kwa sababu wengi wanalipita. Chukueni video ya kamera ya ndani, iwe na sauti. Hesabuni kila mahali mwelekezi aliposema barabara iko wazi mafuta yote, na dereva bado akainua mguu. Mkipata zaidi ya mara tatu kwa kilomita 10, dereva haamini noti, na kwa kawaida ana haki: ziliandikwa kwa haraka kwenye ukaguzi (kuipitia barabara kabla ya mashindano).

Tiba yake ni nafuu. Mzunguko wa kwanza wa ukaguzi andikeni kona tu na umbali. Wa pili sahihisheni namba, mkiongeza tahadhari pale tu penye jiwe, mfereji au kilele kinachoficha kona. Ukiweka alama ya tahadhari kila mahali, dereva anaacha kuisikia. Noti isomwe kona moja na nusu mbele. Ikichelewa, hata dereva mwenye kipaji anaendesha kwa macho tu.

GiaTano
Giaboksi hiyo ya gia tano ni dhaifu. Dereva akitua kutoka kwenye mruko huku mguu uko kwenye mafuta, matairi yanashika ghafla na meno ya gia yanabeba mshtuko wote. Aachie mafuta kidogo kabla ya kutua. Hapo dereva anaokoa gari, si kinyume chake.

Vumbi254
Asanteni sana wakuu. Nimerudi kwenye saa za mkondo wetu wa mwisho, kilomita 15. Kilomita 7 za kwanza tulipoteza sekunde 0.9 kwa kilomita. Kilomita 8 za mwisho, sekunde 2.6 kwa kilomita. Noti nimeziangalia kwenye video: aliinua mguu pasipostahili mara mbili tu, zote mwanzoni.

FundiWaShokapu
Hapo pana jibu zuri. Sekunde 27 zote mlizopoteza, karibu 21 zimetoka nusu ya pili. Shokapu ikipata moto, mafuta yake yanakuwa mepesi na yakichanganyika na gesi yanatoa povu. Mafuta hayo hayapati tena upinzani kwenye vali, gari linaanza kurukaruka, na dereva anapunguza mwendo kwa sababu tairi haliko chini. Fundi anaona mguu ukiinuka na kumlaumu dereva.

Hakikisheni hivi. Fungeni kibanio cha plastiki cha nyaya kwenye mti wa kila shokapu, kikibana kiasi. Mkirudi, kikiwa kimesukumwa hadi mwisho, shokapu inagonga. Mara tu gari linaposimama, pimeni joto la kila shokapu kwa kipimajoto cha miale. Iliyo baridi sana kuliko pacha wake wa upande wa pili ndiyo iliyokufa: haifanyi kazi, ndiyo maana haipati moto.

Kona_Sita
Kuna uwezekano dereva anachoka tu baada ya kilomita 7. Hayo mawili mtayatenganishaje?

FundiWaShokapu
@Kona_Sita ni kweli, nilipaswa kulisema. Tafuteni barabara ya mazoezi yenye urefu huohuo. Siku ya kwanza endesheni kuanzia kilomita 0 hadi 15. Siku ya pili anzieni kilomita 7, shokapu zikiwa baridi na dereva akiwa mpya. Saa ya kipande cha 7 hadi 15 ikishuka, bado hamjui. Sasa rudieni siku ya tatu: dereva mwingine aendeshe kilomita 7 ili shokapu zipate moto, wabadilishane viti haraka bila shokapu kupoa, kisha dereva wenu aanze akiwa hajachoka. Akiwa polepole tena, nunueni shokapu. Akiwa haraka, fedha ziende kwenye mazoezi ya mwili na maji ya kunywa ndani ya gari, na nyingi zitabaki.

Vumbi254
Dereva wa pili tunaye. Tunaanza Jumamosi, nitaleta saa zote hapa.