Mjadala: Kusi ikikaza, watoto wa Optimist watoke au wabaki pwani?

Mzazi_Raskazone: Mwanangu ana miaka 11, anajifunza Optimist, vile vidau vya pua butu vya mtoto mmoja mmoja. Kocha anataka Julai hii watoke alasiri, kusi ikiwa imekaza, maana siku ya mashindano hawatachagua upepo. Roho yangu haitulii. Mnaonaje?

Kijana_Sahare: Kocha yuko sawa. Mtoto asipozoea kulegeza demani, kamba ya tanga, upepo ukimpiga ghafla, atapinduka mbele ya watu. Sisi na miaka tisa tulishakaa joshi, upande unakotoka upepo, kwenye ngalawa za baba zetu, na hakuna mzazi aliyeuliza mtu.

Bombo84: Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake kwenye tanga inakuwa mara nne. Upepo wa noti 20 ni kilomita 37 kwa saa. Ukifika 40, TMA, wale wa hali ya hewa, wanatoa angalizo. Kidau ni kilo 35, na mtoto mwepesi hata ajinyooshe nje mwili mzima hakizuii kulala. Wapangwe kwa uzito, si kwa umri. Na boti ya uokozi iwe inazunguka nao, isitie nanga.

Mama_Chumbageni: Sahare, "hakuna mzazi aliyeuliza"? Ndiyo maana wapo watoto hawakurudi.

Kijana_Sahare: Mama, misiba yetu usitusemee. Ngalawa ile ndiyo iliyonisomesha. Hebu niambieni, humo kwenye vidau vyenu yumo mtoto wa mvuvi hata mmoja?

Mpangani: Halafu ngalawa ina matengo, yale mabao ya kuizuia isipinduke, pande zote mbili. Optimist inayo? Usilinganishe.

Kijana_Sahare: Tengo huvunjika, kaka. Nimeliona likivunjika, tukaogelea.

Mzazi_Raskazone: Wapo wawili wa wavuvi, na kwa kubisha, kupanda dhidi ya upepo, hakuna anayewafikia.

Bombo84: Jamani, suala la uzito hamjalijibu.

Mama_Chumbageni: Subiri Bombo. Sahare, nisamehe, nilikuumiza. Ila mwanao ukimpeleka leo na ngalawa, atavaa jaketi?

Kijana_Sahare: Yameshapita, mama. Jaketi ninalo moja, la mtu mzima. Linamvuka kichwani.

Mama_Chumbageni: Basi hilo ndilo la kuzungumza! Hao wa klabu wanavalishwa na boti inawafuata. Wa kwako nani anamfuata?

Mpangani: Hiyo ni mada nyingine.

Kijana_Sahare: Kwako wewe.

Mzazi_Raskazone: Kocha ameandika sasa hivi: kesho saa tisa alasiri. Nimemuuliza boti ya uokozi itakuwa na nani. Hajajibu.