Kunyoa wembe usiku wa kuamkia upasuaji: nawashawishije wenzangu tuache?

KanulaKijani
Wakuu, habari za zamu. Nipo wodi ya upasuaji, hospitali ya mkoa. Kwetu kila mgonjwa wa ngiri au wa tumbo ananyolewa kwa wembe saa tatu usiku, asubuhi ndiyo anaingia thieta. Nikigusia ushahidi, inchaji (muuguzi msimamizi wa wodi) anasema "ndivyo tulivyokuta". Madaktari nao wanataka "sehemu iwe safi". Klipa (mashine ya kukatia nywele) hatuna. Nianzie wapi bila kuonekana mjuaji?

SistaWaZamu
Usianze na hotuba ya huduma inayozingatia ushahidi, watakuchoka mapema. Nenda na swali moja: mgonjwa wa upasuaji wa kupangwa akiachwa na nywele zake badala ya kunyolewa wembe, je, maambukizi ya kidonda yanapungua ndani ya siku 30? Jibu lipo kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2016: nywele zisitolewe, ikilazimu kabisa zipunguzwe kwa klipa, na wembe haupendekezwi hata kidogo, iwe wodini au thieta. Chapisha ukurasa huo tu, mpe inchaji kabla ya kikao, mkiwa wawili. Ukimshtukiza mbele ya watu umeshashindwa.

Sababu ieleze kama tunavyoongea wodini. Wembe unaacha mikato midogo usiyoiona, bakteria wa ngozi wanaingia, halafu unawapa usiku kucha wa kuzaliana. Seropian na Reynolds walionyesha hilo mwaka 1971: walionyolewa wembe muda mfupi kabla ya upasuaji walipata maambukizi asilimia 3.1, ndani ya saa 24 asilimia 7.1, zaidi ya saa 24 asilimia 20. Ni utafiti wa zamani na wagonjwa hawakugawanywa makundi kwa bahati nasibu, kwa hiyo usiubebe peke yake. Ila kwa saa tatu yenu ya usiku, unauma.

BandejiKavu
Hoja ya "klipa hatuna" isikutishe. Kutonyoa hakugharimu kitu. Tumbo la juu, mgongo, hata ngiri nyingi, nywele hazimzuii mtu kushona. Zikizuia, kata asubuhi ileile, nje ya chumba cha upasuaji: vuta ngozi, laza kichwa cha klipa, kata pale tu mkato na plasta vitakapokaa, okota nywele kwa plasta pana. Kichwa ni cha mgonjwa mmoja, au kitakaswe kama mtengenezaji anavyoelekeza. Klipa inayozunguka kitanda hadi kitanda bila kusafishwa ni balaa jipya.

Mwambie na wa thieta: dawa ya ngozi yenye spiriti kwenye ngozi isiyo na nywele inahitaji dakika 3 kukauka, kwenye nywele nyingi inaweza kufika saa 1. Ukiwasha daiathemi (kifaa cha umeme cha kukata na kuzuia damu) ngozi ikiwa mbichi, mgonjwa anaungua. Hapo ndipo hoja ya daktari ina uzito, na hapo ndipo klipa inastahili kununuliwa.

KanulaKijani
Nimekuelewa mkuu. Na kina mama wa upasuaji wa kujifungua? Wengi wanakuja wameshanyoa nyumbani. Halafu nitajuaje tumefanikiwa?

DaftariLaIPC
Hao wa kupangwa waambiwe kliniki, wiki za mwisho: usinyoe kinena kabla ya kuja. Waliokwisha kunyoa, andika kwenye faili, usirudie wembe juu ya mikwaruzo.

Kupima: usikimbilie kuhesabu maambukizi. Operesheni 50, maambukizi yakishuka kutoka 5 hadi 3, hiyo inaweza kuwa bahati tu. Hesabu kwanza kitendo: kati ya wagonjwa wote wa wiki, wangapi wameguswa na wembe? Safu moja kwenye rejista ya thieta inatosha. Maambukizi yafuatwe kwa simu siku ya 30: usaha, kidonda kufunguka, antibiotiki mpya. Anza kupiga simu *kabla* ya kubadilisha chochote. Ukianza baada, utakuta maambukizi mengi kwa sababu sasa unayatafuta, na wembe utarudi kwa shangwe.

MzeeWaThieta
Nakubaliana, ila wembe ukiondoka na antibiotiki bado inatolewa wodini baada ya upasuaji, faida itakuwa ndogo. Dozi iingie ndani ya dakika 120 kabla ya mkato. Kwa antibiotiki ya sefazolini, lenga saa moja ya mwisho. Operesheni ikiisha, kwa kidonda safi, WHO haishauri kuendelea. Hospitali ya Thika, Kenya, iliandika sera yake yenyewe kuhusu hili. Dozi za kabla ya kisu zikapanda, za baada zikashuka, na maambukizi ya vidonda hayakuongezeka. Kazi ya wauguzi ya kuchoma sindano ikapungua pia. Hilo ndilo la kumwambia inchaji. Lakini lisiingie mwezi mmoja na wembe, hutajua kipi kimefanya kazi.

SistaWaZamu
Na wembe utolewe kwenye trei ya maandalizi. Ukibaki pale, wa zamu ya usiku atautumia.