Bi mkubwa kavimba mikono lakini presha iko chini, inakuwaje?

Buza_Kwetu
Wakuu habari za jioni. Bi mkubwa wangu yuko ICU tangu jumamosi hapa hapa Dar, ilianza UTI ya kawaida tu tukanunua vidonge duka la dawa la mtaani akawa anaendelea na shughuli zake, siku ya nne akaanza kutetemeka na kuongea vitu havieleweki ndo tukakodi bajaji usiku ule ule. Daktari anasema ni septiki shoki, yaani maambukizi yamesambaa mpaka presha imeporomoka, kwamba bakteria ndo walianzisha ila saa hizi kinga yake mwenyewe ndo inamuumiza. Hapo kaniacha njia panda. Halafu jana nesi kamvua pete ya ndoa kwa sabuni maana vidole vimevimba hatari, sasa mtu kajaa maji hivyo halafu wanasema kwenye mishipa maji ni kidogo?? Shangazi naye kaleta vidonge vya kuongeza kinga anataka apewe. Naombeni mnieleweshe.

NesiWaZamu
Pole sana ndugu yangu. Hiyo pete ndo jibu lenyewe. Ukuta wa mshipa wa damu kwa ndani una seli zimebanana kama vigae. Chembe nyeupe za damu, ndo askari wa mwili, zikikutana na ganda la bakteria zinamwaga kemikali za kuitana, zinaitwa saitokini. Ukijichoma mwiba kidoleni kazi hiyo unaiona, panakuwa pekundu pa moto panavimba, maana vigae vimeachia kidogo ili askari wapite, na hiyo ni nzuri kabisa. Kwa mama imetokea mwili mzima kwa mpigo. Maji yanavuja kutoka kwenye mshipa yanaingia kwenye nyama, kwa hiyo anayo ila yako nje ya mshipa. Na mishipa yenyewe inatengeneza nitriki oksaidi, gesi ya kulegeza mishipa, kupita kiasi inalegea, sasa bomba limepanuka na maji yamepungua presha itatoka wapi? Ndo maana kawekewa noradrenalini ya kubana mishipa, tunatafuta presha ya wastani, sio ile namba ya juu, isipungue 65. Tena damu inaganda vipande vidogo vidogo kwenye vimishipa vyembamba, figo zinakosa damu.

Vidonge vya shangazi msimpe tafadhali, mwambieni kwa upole, anampenda wifi yake.

kaka_Tandika
Si wamuongezee drip tu mpaka presha ikae sawa

Intani_Dar
@kaka_Tandika haiko hivyo mkuu. Kuna utafiti wa FEAST ulitoka 2011, ulifanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu Tanzania kwa watoto wenye homa kali na damu haizunguki vizuri, waliopewa maji mengi ya haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48, kama 10.5% dhidi ya 7.3% ya wasiopewa. Mama ni mtu mzima sio mtoto na maji lazima apewe, ila kwa kipimo, mshipa unaovuja ukiujaza tu yanaishia kwenye mapafu.

Naongezea kitu kimoja ambacho ndugu wengi hawaambiwi. Kinga haiwaki tu, inazima pia, na mara nyingi vyote viwili vinaenda pamoja. Limfosaiti, aina moja ya chembe nyeupe, zinakufa kwa wingi, chembe zingine zipo ila hazishtuki tena hata zikimuona bakteria. Ndo maana mgonjwa anaweza kuvuka shoki halafu wiki ya pili akapata nimonia. Miaka ya 1990 walijaribu dawa za kuzuia TNF, moja ya hizo saitokini, wakitegemea zitaokoa watu wengi, matokeo yakakatisha tamaa. Kwa hiyo antibiotiki ya mapema ndo silaha yetu bado, kwenye shoki inatakiwa ndani ya saa moja. Na nyie mkiingia kumuona naweni mikono hadi kwenye kiwiko, nasema kwa kumaanisha.

Buza_Kwetu
Nawashukuru mno. Shangazi nimemsomea yote kaelewa, vidonge karudisha kwenye mkoba. Nimetoka kumuona sasa hivi, mfuko wa mkojo saa iliyopita umeingia ml 40, jana usiku hata 10 haikufika. Ana kilo kama 70 hivi. Hiyo ikoje?

NesiWaZamu
Tunataka angalau nusu ml kwa kila kilo kwa saa, kwake ni 35. Hiyo 40 imenifurahisha sana. Kesho asubuhi waulize na lakteti yake kama inashuka, hicho ni kipimo cha damu kinachopanda viungo vikikosa damu ya kutosha.