"Umeona? Nilikuambia imekufa!" Huyu fundi spika atanipeleka jela

Koni Nyeusi (mleta uzi):
Wakuu, naandika nikiwa bado kwenye daladala. Spika nimeipakata, inanuka moshi, abiria wa pembeni keshahama siti.

Mnamjua. Simtaji, ila kila aliyewahi kubeba redio mbovu kwenda Kariakoo kapita mikononi mwake. Yule yule.

Spika yangu ilikuwa inaimba! Shida moja tu: sponji la pembeni ya wufa, ile kubwa ya besi, limeoza, linameguka, ukiongeza besi inakoroma. Basi. Sponji za zamani zote huishia hivyo, na kwa joto na unyevu wa Dar ndiyo kabisa. Dawa yake inajulikana: unabandua lililooza, unakwangua gundi ya zamani, unabandika jipya, unahakikisha koili, ule waya uliozungushwa ndani, imekaa katikati haikwaruzi sumaku, unaacha gundi ikauke. Kwisha.

Nikamwambia, "Fundi, sponji tu." Hata kuniangalia hakuniangalia. Akabonyeza koni, lile bakuli la mbele linalotikisika, kwa dole gumba lenye grisi, akasema, "Hii imekufa." Nikamwomba apime. Wufa ya omu 8 ikiwa nzima mita inasoma kama 6 hivi, mjadala unaishia hapo. Mita ilikuwepo, imewekewa kikombe cha kahawa juu! Haya, hata betri ya tochi ya volti 1.5 basi, unagusisha nyaya mara moja, koni ikiruka ujue koili ipo hai. Mtoto wa darasa la tatu anaweza.

Mwamba akaiunga kwenye ampu yake ya kupigia harusi, akazungusha sauti mpaka mwisho. MPAKA MWISHO. Wufa isiyo na sponji! Ikatoa mlio ambao Bagamoyo waliusikia. Kisha paa. Kimya. Moshi. Na yeye, bila hata kukohoa, ananigeukia mbele ya wateja wote: "Umeona? Nilikuambia imekufa."

Nimeona nini? Nimeona ukiiua! Unamnyonga mtu halafu unamgeukia mkewe, "nilikuambia alikuwa mgonjwa"?

Halafu akadai elfu tano ya kupima. Ya KUPIMA! Mita ina kikombe juu!

Mzee wa Besi:
Pole sana mkuu. Koili ikishakatika mita haisomi kitu. Ila usiitupe, kama sumaku na fremu ni nzima, wufa inavishwa koni na koili mpya. Na twita, ile ndogo ya sauti nyembamba, uipime pia. Lete picha.

Soldawaya:
Simtetei, ila mkuu, mtu anaunga ampu ya harusi kwenye spika yako nawe umesimama hapo hapo. Ulikuwa unasubiri bibi harusi?

Koni Nyeusi:
Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka! Angenisikiaje na ule mlio? Na akasema "umeona" huku anatabasamu. Anatabasamu!

Mama Twita:
Huyo huyo! Mimi aliniungia spika moja nyaya kinyume, chanya kwenye hasi. Moja inasukuma, nyingine inavuta, besi yote ikapotea sebuleni. Nikarudi kumwambia, akanijibu wimbo wenyewe ndio hauna besi.

Mzee wa Besi:
Hahahaa, "wimbo hauna besi". Huyo simpelekei hata tochi.

Mpangaji Sugu:
Mimi naomba namba yake. Nina jirani mwenye sabufa, anaanza saa saba za usiku, vyombo vinatembea kabatini. Nataka nimlipie matengenezo.

Soldawaya:
Mpangaji, hapo elfu tano ni halali yake.

Koni Nyeusi:
Wakuu mnacheka? Ile koili ilikuwa ya kiwandani! Angeshika mita tu. Kunyanyua kikombe, kuweka kikombe chini.

Kijana wa Tandika:
Spika kitu gani. Fundi friji wangu kaja kuangalia kwa nini haigandishi, kaondoka na gesi yote na kopo langu la siagi. Simu hapokei.

Binti Cherehani:
Bora nyie. Mimi fundi nguo kanishonea sare ya harusi ya dada yangu, mkono mmoja mrefu mmoja mfupi. Namuuliza, ananiambia nimekonda upande mmoja.

Kijana wa Tandika:
Na ulilipa?

Binti Cherehani:
Nililipa na sare nikavaa, harusi ilikuwa jioni ile ile. Picha zote nimesimama kiubavu.

Koni Nyeusi:
Jamani turudi kwenye spika. Alisema "Umeona?" Mbele ya watu!

Mpangaji Sugu:
Dada Cherehani, upande gani?

Binti Cherehani:
Kushoto.