Lenzi ya Tokina 11-16: nikivuta ringi kutoka AF (kamera kufokasi yenyewe) kwenda MF (kufokasi kwa mkono), fokasi inahama. Nifanye nini?

PichaZaUmoja:
Habari zenu wadau. Nina kamera ya Nikon D7000 na lenzi ya Tokina 11-16mm f/2.8, zote za mkono wa pili. Lenzi hii haina kile kiswichi cha ubavuni nilichozoea. Ringi yenyewe ya fokasi ndiyo swichi: ukiisukuma mbele uko AF, ukiivuta nyuma inalia "tak" na unafokasi kwa mkono.

Mchana sina neno. Kasheshe ni jioni nikiwa Upper Hill hapa Nairobi napiga majengo ya katikati ya jiji. Nashika fokasi kwa AF, halafu navuta ringi ili kamera isianze kutafutatafuta tena. Nikifika nyumbani nafungua picha, nakuta taa za jengo la KICC zimevimba kama mandazi. Nimejaribu kuiweka kwenye alama ya infiniti (∞, ya vitu vya mbali kabisa), wapi! Fundi mmoja ameniambia niiache aifungue. Nimwachie?

MzeeWaTripodi:
Dada, usimwachie mtu lenzi bado. Ringi ikivutwa ndipo inaposhikana na mtambo wa fokasi, na mkono wa binadamu hauvuti kitu hivi hivi bila kukizungusha kidogo. Ukicheki kile kidirisha cha mita utaona alama za mbali zimebanana sana, kwa hiyo kuigusa kidogo tu kunakutoa pale ulipokuwa.

Geuza mpangilio: vuta ringi KWANZA, ndipo utafute fokasi. Kamera ikiwa kwenye tripodi, washa skrini ya nyuma, chagua taa moja ya mbali, ikuze kwa kile kitufe cha kuvuta karibu, kisha zungusha polepole. Taa itapungua, itapungua, halafu itaanza kunenepa tena. Rudi pale ilipokuwa ndogo kabisa. Hiyo alama ya infiniti usiiamini usiku, picha inaweza kukolea (kuwa kali) kabla ringi haijaifikia au baada ya kuipita kidogo. Na ukibadilisha zumu, pima upya.

Jingine: hapo kando ya mdomo wa bodi (kamera yenyewe, pale lenzi inapofungwa) kuna kiswichi cha AF na M. Ukifokasi kwa mkono kiweke M pia. Toa lenzi uangalie mwenyewe: kuna bisibisi kadogo kwenye mdomo wa kamera, ukiweka M kanarudi ndani. Hako ndiko kanakozungusha fokasi ya lenzi yako, na hutaki kashindane na vidole vyako.

RongaiNaKamera:
Mzee yuko sawa kwa tripodi, lakini mimi ringi siigusi kabisa. Ingia kwenye menyu ya D7000, kipe kitufe cha AE-L/AF-L kazi ya AF-ON, yaani kushika fokasi. Kuanzia hapo kitufe cha kupigia picha hakifokasi tena. Unashika fokasi kwa kidole gumba, unaachilia, unapiga hata picha mia na haihami. Ila usielekeze kale kamraba ka fokasi kwenye anga jeusi. Tafuta ukingo wa jengo, mahali taa inapokutana na giza.

MseeWaMathree:
Nyinyi mnahangaika na majengo yasiyotembea 😂 Mimi napiga mathree (matatu) pale stendi ya Railways, hakuna muda wa AF. Zumu 11mm, tundu la lenzi f/8, ringi nyuma, fokasi kwenye mita moja, basi. Kuanzia kama nusu mita hadi mwisho wa macho yako kila kitu kinaeleweka. Naibandika na kipande cha tepu ile isiyoacha gundi.

RongaiNaKamera:
f/8 mchana, sawa. Akifungua tundu hadi f/2.8 usiku hiyo mita moja yako inamharibia majengo yote ya mbali.

MseeWaMathree:
Hapo umenishika.

Kijana254:
Samahani kudandia uzi. Yangu ni Tokina hiyohiyo lakini niko na kamera ya Nikon D3200. Nikisukuma mbele au nyuma, AF haifanyi kitu, hata mlio hakuna. Aliyeniuzia anasema niizoee tu.

MzeeWaTripodi:
Kijana, hiyo ni toleo la kwanza, halina mota ndani. Linategemea mota ya bodi, na D3200 haina. D7000 ya dada hapo juu inayo. Toleo la pili, lililoandikwa II, ndilo lenye mota yake. Lenzi yako haijaharibika.

PichaZaUmoja:
Asanteni sana. Nimevuta kwanza kisha nikafokasi kwa skrini, nikiwa kwa balkoni tu hapa mtaani. Kwa yangu taa inakolea kabla ya alama ya infiniti. Kesho kutwa napanda tena Upper Hill, na fundi nimemwambia asubiri. Mzee, nikiwa bila tripodi?

MzeeWaTripodi:
Bila tripodi fuata ya Rongai, uegemee ukuta.

Kijana254:
Kwa hiyo mimi niiuze?

RongaiNaKamera:
Usiuze. Fokasi kwa mkono: chungulia kwenye kitundu cha kuangalizia, chini kona ya kushoto. Ukizungusha ringi, nukta ya kijani ikitulia bila kupepesa, piga.