Bega la Mama

Zuhura: Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Bega la kulia la Mama linamsumbua kwa mwezi wa nne sasa. Leo asubuhi nimemkuta mbele ya kioo akihangaika kufunga kifungo cha nyuma cha gauni lake, mkono ukigomea kiunoni, na machozi yanamlengalenga. Usiku hawezi kulalia upande huo.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Mpe pole nyingi.

Idi: Mama ana miaka 68, hivyo nadhani ni uzee. Jana nilimfunga mkono kwa kitambaa shingoni ili upumzike, na nilifikiria kumnunulia diklofenaki, ile dawa ya maumivu.

Neema: Kaka Idi, naelewa unavyomhurumia, lakini naomba tusikimbilie neno uzee, kwa sababu likishatamkwa hakuna anayeuliza zaidi. Ni kweli kwamba kano, yaani nyuzi zinazounganisha misuli inayozunguka bega na mifupa, huchakaa kadiri umri unavyosonga, na huweza kuchanika hata kwa mtu ambaye hajaanguka. Hata hivyo bega huuma kwa sababu nyingi, na tiba hutofautiana. Kuhusu diklofenaki, Mama anatumia dawa za shinikizo la damu, na dawa hiyo inaweza kulipandisha na kuumiza figo na tumbo, kwa hiyo asipewe kabla ya kumwuliza daktari.

Zuhura, mwambie abane kiwiko ubavuni, akikunje, kisha apeleke kiganja nje, mbali na tumbo, taratibu. Akikwama, msaidie kwa upole bila kulazimisha.

Zuhura: Mkono wa kushoto umefunguka vizuri. Wa kulia umesogea kidogo tu, na hata nilipomsaidia ulikwama palepale, kama mlango uliozuiwa kwa nyuma.

Neema: Hilo ni jambo muhimu. Kano ikichanika, mara nyingi mgonjwa hushindwa kuinua mkono mwenyewe, lakini mtu mwingine akiuinua unapanda. Mkono unaokataa hata kwa msaada hunifanya nifikirie bega lililoganda, yaani kifuko kinachozunguka kiungo kimevimba na kukaza, na watu wenye kisukari kama Mama hupatwa nalo zaidi kuliko wengine. Kusagika kwa kiungo chenyewe nako huweza kuleta hali hiyohiyo, ndiyo maana picha ya eksirei inahitajika. Kitambaa kiondolewe, maana kuufungia mkono huzidisha ugumu.

Shangazi Mwanaidi: Mimi yangu yalikuwa tofauti. Niliamka na mabega yote mawili na nyonga zikiwa zimekaza, na ilinichukua zaidi ya saa nzima kabla ya kuweza kuchana nywele. Niliambiwa ni uchovu, nikakaa hivyo wiki nyingi, hadi daktari mwingine alipopima damu na kukuta dalili za inflamesheni, yaani mwili kuvimba kwa ndani. Ugonjwa unaitwa polimialgia rumatika. Nilipoanza prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe huo, baada ya siku chache niliinua mikono yote miwili.

Neema: Asante kwa kulisema, Shangazi. Mwenye ugonjwa huo akipata maumivu mapya ya kichwa, taya kuuma anapotafuna au macho kufifia, aende hospitali siku hiyohiyo, kwani anaweza kupoteza uwezo wa kuona.

Mjomba Salim: Na moyo je? Rafiki yangu alilalamikia bega la kushoto, kumbe lilikuwa shambulio la moyo.

Neema: Ni kweli, Mjomba. Maumivu ya bega yanayokuja na kubanwa kifua, jasho jingi au kukosa pumzi hayasubiri miadi. Yanayoanza baada ya kuanguka, au yenye homa na kiungo kuwa chekundu, nayo yaonwe haraka. Ya Mama huongezeka anaposogeza mkono na hayana dalili hizo, lakini ni lazima achunguzwe.

Wakipendekeza sindano ya steroidi, wakumbusheni kisukari, kwa sababu sukari inaweza kupanda kwa siku kadhaa. Bega lililoganda huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu kulegea, kwa hiyo tusimchoshe Mama kwa kumwuliza kila wiki kama amepona.

Idi: Nimekuelewa, dada. Nitampeleka Jumatatu pamoja na dawa zake zote na daftari la vipimo vya sukari.

Zuhura: Kitambaa nimeshakitoa. Kifungo nitamfungia mimi kila asubuhi.